Hofu ya mbwa wakubwa haifutiki, hufunzwa upya

Jijini Nairobi, mtoto huweza kumwogopa mbwa kabla hajamgusa hata mmoja. Kibao cha "Mbwa Kali" getini na mngurumo wa nyuma yake vinatosha. Akikua na kupata kazi ya kufagia mabanda kwenye makao ya wanyama, hofu ile humfuata.

Sauti ya mbwa anayebweka huiamsha amigdala, sehemu ndogo ndani ya ubongo, hata kabla mtu hajatafakari. Moyo humwenda mbio, viganja hulowa jasho. Akikimbia, hupata nafuu papo hapo, na hapo ndipo penye mtego: ubongo huamini amepona kwa sababu alikimbia.

Dawa yake inajulikana tangu zamani. Mwaka 1924 mwanasaikolojia Mmarekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi mtoto Peter, aliyeogopa sungura, alivyosogezewa mnyama huyo kidogo kidogo huku akila vitu anavyovipenda, hadi akamshika mwenyewe.

Bandani hufanywa vivyo hivyo. Mfanyakazi huanza kwa umbali ambao hofu yake inavumilika. Baadaye huchuchumaa nje ya waya, ubavu ukimwelekea mbwa, bila kumkazia macho, akimrushia punje za chakula. Abaki hapo mpaka ajionee kwamba alichokihofia hakikutokea. Msimamizi anayemsukuma ndani siku ya kwanza "azoee" anamtendea ukatili, na anamkomazia hofu.

Mfanyakazi ajifunze pia kumsoma mbwa. Mkia unaotikisika si lazima uwe wa kirafiki. Ukiwa juu, umekakamaa, na mwili umeganda, arudi nyuma polepole. Mbwa anayelamba midomo na kupiga miayo bila usingizi huenda naye ana wasiwasi, na jambo hili huwafariji wengi.

Hata hivyo, kumbukumbu ya zamani haifutiki. Somo jipya hukaa kando yake, na sehemu ya mbele ya ubongo husaidia kuituliza amigdala. Ndiyo maana azoeane na mbwa tofauti, mahali tofauti, la sivyo hofu itamrudia barabarani.

Tahadhari ibaki palepale. Karibu visa vyote vya kichaa cha mbwa kwa binadamu hutokana na mbwa, kwa hiyo mfanyakazi achanjwe kabla ya kuanza kazi. Aking'atwa, aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama alichanjwa.