Masaa Yako ya Kazi Inachungwa Wapi?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama wenye kungojea fishi ya malipo kila mwisho wa mwezi,

Zamani masaa yetu iliandikwa ndani ya kitabu kikubwa. Leo tunapitisha karti mulangoni, na yote inaingia ndani ya ordinateri: siku, masaa ya ziada, makato ya CNSS. Ile mashini ikiungua, nani atashuhudia kama ulishuka?

Hii si hadisi. Tarehe 10 Machi 2021, kule Strasbourg, Ufaransa, jengo moja la OVHcloud, kompanyi yenye kuchunga data za watu, liliungua usiku. Wateja wengine kopi yao ilikuwa palepale. Walipoteza vyote viwili.

Basi kopi ya pili ikae mbali. Kuituma, kuko namna mbili.

Ya kwanza: mashini haisemi "nimeandika" mpaka mwenzake ajibu "na mimi pia". Hakuna kitu inapotea. Lakini kila andiko linangojea jibu, na laini ikikatika kazi inaweza kusimama. Juu ya ile, wanaitumia fasi za karibu.

Ya pili: mashini inaandika, inaendelea, kopi inafuata nyuma. Inaweza kutoka Kolwezi mpaka Lubumbashi, kilomita 300 hivi, bila kuchelewesha kazi. Lakini hatari ikitokea, kile chenye hakijafika kinapotea: sekunde, dakika, pengine zaidi.

Kwa malipo, namna ya pili inatosha. Dakika tano za pwentaji tutazitafuta katika karne ya shefu wa ekipe. Lakini liste ya watu walio chini ya udongo saa hii? Pale, dakika tano ni majina ya wenzetu walioshuka mwisho, na wenye kuokoa hawatajua kama wako. Ile liste inaomba namna ya kwanza, katika jengo ingine la karibu. Kisha kopi ingine iende mbali.

Tena, namna zote mbili zinakopi hata makosa. Kwenye kompanyi moja nilikuwa delege, mutu alifuta masaa ya posti ya usiku. Kopi nayo ikafuta. Hakukuwa kopi ya zamani iliyowekwa pembeni. Karne ya shefu njo ilituokoa.

Kwenye mukutano na wakubwa, tuulize: kopi iko wapi? Inachelewa dakika ngapi? Ilijaribiwa lini?

Na wewe mama, usitupe zile fishi.