Je, Wajua? Mchujo, Mlolongo na Wagombea Wasio na Chama

Sahihi 500 tu
Ukitaka kuwa mwakilishi wadi wa Kibirichia, eneobunge la Buuri huko Meru, bila kubembeleza chama chochote kikupe tiketi, Katiba ya Kenya ya 2010 inakudai sahihi za wapigakura 500 wa wadi hiyo. Siku ya soko, umati huo unaupata kabla ya chai ya saa nne! Ubunge wa Buuri unadai sahihi 1,000. Ila lazima uwe nje ya vyama miezi mitatu kabla ya uchaguzi, na hapo pana mtego: mwaka 2021 Wakenya wengi walichungulia sajili ya vyama wakajikuta wanachama wa vyama wasivyowahi kujiunga navyo.

Meru haiogopi kwenda bila chama
Mwaka 2013 Buuri ilimpeleka bungeni Kinoti Gatobu, mgombea huru ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 30. Mwaka 2022 Kawira Mwangaza, naye mgombea huru, alitwaa ugavana wa Meru kwa kura 209,148 dhidi ya 183,859 za Mithika Linturi wa chama cha UDA. Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa madarakani, alikuja wa tatu. Kabla ya 2010, sheria isingewaruhusu hata kuwasilisha karatasi za uteuzi.

Kura iliyopigwa kwa miguu
Februari 1988, mchujo wa KANU, chama pekee halali wakati huo, ulifanyika bila sanduku. Wanachama walijipanga mlolongo nyuma ya mgombea au wakala aliyeinua picha yake, vichwa vikahesabiwa. Aliyevuka asilimia 70 alipita bila kupingwa; kura ya siri ya mwezi uliofuata haikumhusu. Hebu fikiria: chifu anakuona, mwajiri anakuona, anayekudai pesa anakuona, nawe uko kwenye mstari wa mpinzani. Na bado kuna mahali mstari mfupi ndio uliotangazwa mshindi! Ukilalamika, utahesabu nini upya? Watu wamekwisha kurudi shambani.

Askofu juu ya paa
David Gitari, askofu wa Kianglikana wa Mlima Kenya Mashariki, dayosisi iliyojumuisha Embu na Meru, aliukemea mlolongo huo mimbarani. Hakuwa peke yake: tayari Agosti 1986, mamia ya wachungaji wa baraza la makanisa, NCCK, waliukataa hadharani, na serikali ikawaachilia viongozi wa dini wasipange foleni. Aprili 1989 majambazi waliivamia nyumba ya Gitari usiku. Akapanda paani akapiga mayowe mpaka majirani wakamiminika. Desemba 1990, baada ya kamati ya George Saitoti kuzunguka nchi ikisikiliza wananchi, KANU iliuzika mlolongo pamoja na ile asilimia 70.

Mchungaji aliyeishinda serikali, Arusha
Tanzania mgombea binafsi haruhusiwi. Mchungaji Christopher Mtikila alilifikisha jambo hilo Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, jijini Arusha, na Juni 2013 akashinda; marufuku, hata hivyo, bado ipo.

California na Kenya, mwaka mmoja
Juni 2010 wapigakura wa California waliamua mchujo uwe wazi kwa wote: karatasi moja, wagombea wa vyama vyote, wawili wa juu wanaingia fainali hata wakiwa wa chama kimoja. Agosti 4 mwaka huohuo, Wakenya wakaipitisha katiba iliyowafungulia mlango wagombea huru. Lakini mchujo wa Kenya wenyewe, sheria ya vyama ya 2022 imeubana: chama kikiwaita watu wapige kura ya moja kwa moja, wanaopiga ni wanachama waliomo kwenye sajili tu. Ndiyo ileile sajili ya mwaka 2021.