Picha ya bibi ilikuwa dukani, nyumbani haikuwapo

Siku mbili kabla ya kumzika bibi yetu kule Oldonyosambu, kando ya barabara ya Arusha kwenda Namanga, jambo lililotusumbua kuliko yote lilikuwa kupata picha yake. Jeneza lilikuwa tayari na jina lilikwishaandikwa kwenye msalaba. Lakini katika nyumba nne za watoto wake hapakuwa na picha hata moja ya koko, kama tulivyomwita kwa Kimaa.

Mwishowe shangazi, mtoto wake wa kwanza, akakumbuka kadi ya mpiga kura ya mwaka 2015. Tukaipeleka studio mjini ikakuzwa na kuwekwa kwenye fremu, na ndiyo iliyotangulia mbele ya jeneza. Wajukuu wadogo waliitazama wakauliza huyo ni nani. Masikio yalikuwa matupu, na shingoni hapakuwa na hata uzi mmoja wa shanga. Siku ya kujiandikisha koko alivua mapambo yake yote bila kuambiwa na mtu.

"Picha ya serikali haitaki shanga," alimwambia shangazi.

Hofu yenye historia

Maneno yale hayakutoka hewani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliendesha kampeni ya kuwataka Wamaasai waache lubega, ngozi na kujipaka udongo mwekundu, wavae suruali na magauni. Mkoani Arusha, waliovaa kimila walikataliwa hata kwenye mabasi. Koko wakati huo alikuwa mke kijana, akipeleka maziwa soko la Ngaramtoni. Kampeni ile ilififia, lakini yeye hakuisahau. Kila alipokwenda ofisini, iwe kwa mtendaji au zahanati, aliacha shanga zake nyumbani.

Mambo yakageuka. Vazi lililofukuzwa mjini sasa limejaa mabango ya utalii, kalenda na kuta za hoteli. Mtalii anayeshuka Arusha kwenda Ngorongoro au kupanda Mlima Meru anataka kurudi kwao na picha ya Mmaasai mwenye shuka jekundu.

Kadi saba za duka la vinyago

Mwaka mmoja baada ya msiba, baba yetu mdogo aliingia duka moja la vinyago mjini Arusha kumnunulia mgeni zawadi. Kwenye kibao cha postikadi akamwona mama mmoja amebeba kibuyu cha maziwa. Kibuyu kilikuwa na kiraka cha ngozi kilichoshonwa ubavuni. Kibuyu hicho bado kinaning'inia jikoni kwetu. Mgongoni mwa mama yule kilichungulia kichwa cha mtoto mchanga. Mtoto huyo ni yeye mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1986.

Nyuma ya kadi, kwa lugha ya kigeni, iliandikwa kwamba huyo ni mwanamke wa Kimaasai akipeleka maziwa sokoni. Jina lake halikuwapo, wala kijiji chake. Tena koko alikuwa Mwarusha. Waarusha wanasema Kimaa na kufuata marika kama Wamaasai, lakini kwa vizazi vingi wamelima migomba, mahindi na maharage kwenye miteremko ya Mlima Meru, wakipakana na Wameru upande wa mashariki. Koko alikuwa na ng'ombe, lakini pia alikuwa na jembe.

Baba mdogo alinunua kadi zote saba zilizokuwepo. Alimlipa mwenye duka pesa zake ili apate picha ya mama yake.

Si sisi peke yetu

Huko Namibia, wanawake wa Kihimba hujipaka mafuta ya maziwa yaliyochanganywa na udongo mwekundu kwenye ngozi na nywele. Sura zao zimezunguka dunia nzima kwenye vitabu vya picha, na mara nyingi chini yake limeandikwa jina la kabila tu.

Hata majumba ya makumbusho yana tatizo hilo. Mwaka 2017 Samwel Nangiria, Mmaasai wa Loliondo, alitembelea makumbusho ya Pitt Rivers ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, akakuta vitu vya Kimaasai vyenye maelezo yasiyo sahihi. Baadaye wazee kutoka Tanzania na Kenya walikwenda kuvitazama na kuvieleza. Miongoni mwake ilikuwamo orkatar, bangili ambayo mwana huirithi kwa baba yake na ambayo haiuzwi. Wazee wale walikuwa hai na wanakumbuka. Wangekuwa wamekwisha kufa, nani angesahihisha?

Na jambo hili halijaisha. Kwenye barabara ya kwenda Ngorongoro utawaona vijana wenye mavazi meusi na nyuso zilizochorwa kwa chokaa nyeupe. Hao ni isipolio, vijana waliotoka kutahiriwa na ambao bado wamo katika kipindi cha mila. Magari ya watalii husimama, picha hupigwa, noti hutolewa dirishani. Mzazi anapaswa kujiuliza: mwanangu atakapokuwa na miaka hamsini, picha ya siku zake kubwa atakuwa nayo yeye, au mtu ambaye hata jina lake hakuliuliza?

Tulichofanya nyumbani

Tulichukua kadi moja tukampelekea mzee wa rika la Seuri, jirani wa koko tangu ujana. Tulidhani atatazama na kusikitika tu. Akatukalisha jioni nzima. Alitambua mfereji wa maji unaoonekana nyuma ya koko, akataja waliouchimba. Leo juu yake pamejengwa nyumba. Alituambia kiraka cha kibuyu kilishonwa baada ya koko kuanguka siku ya mvua, na kwamba maziwa ya siku ile ndiyo yaliyokuwa ada ya shule ya baba yetu. Hakuna mtoto wa koko aliyejua habari hiyo.

Ndugu msomaji, kama una mzee nyumbani, usisubiri msiba. Muulize anataka kupigwa picha akiwa amevaa nini na amekaa wapi, halafu mwachie achague. Picha za kwenye simu zichapishwe, kwa maana simu huibwa na huharibika. Nyuma ya kila picha andika kwa penseli jina, ukoo, rika, mahali na mwaka. Zile za zamani zisizo na majina, mpelekee mzee mwenzake angali anaona.

Na mgeni akitaka kumpiga picha mtoto au mama yako, si utovu wa adabu kumuuliza itakwenda wapi na kumwomba nakala. Nchi yetu sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotaka taarifa zinazomtambulisha mtu zisikusanywe wala kutumiwa kiholela.

Sasa sebuleni kwetu kuna fremu mbili: ile ya kadi ya mpiga kura, na ile ya postikadi iliyokuzwa. Chini ya zote mbili tumeandika jina kamili la koko na la baba yake.

Jumapili iliyopita ilikuwa zamu ya shangazi. Alitumia karibu saa nzima kuvaa shanga zake, akiwafukuza wajukuu waliotaka kumsaidia. Alipokaa kwenye kigoda mbele ya migomba, akatuuliza swali moja kabla hatujapiga:

"Na jina langu mtaliandika?"