Namoratunga: Makaburi ya Wafugaji wa Kale Kando ya Ziwa Turkana

Ukitoka Lodwar kuelekea Kalokol, utaona kando ya barabara nguzo za mawe meusi zimeinama huku na huku, kama watu waliokatizwa wakicheza ngoma. Ndivyo wazee wanavyosimulia: walikuwa watu, wakageuka mawe kwa sababu ya dhihaka. Jina Namoratunga lenyewe maana yake ni watu wa mawe.

Nguzo za aina hii ziko pande zote mbili za ziwa. Eneo lililochunguzwa zaidi ni Lothagam Kaskazini, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Chini ya jukwaa la mawe lenye upana wa takriban mita 30, watafiti walikuta shimo kubwa la maziko na kukadiria kuwa limehifadhi watu wasiopungua 580: wanaume, wanawake, wazee na watoto wachanga. Maziko yalianza takriban miaka 5,000 iliyopita, yakaendelea kwa karne kadhaa. Shimo lilipojaa, walilifunika kwa mawe na kusimamisha nguzo.

Tumezoea kudhani kaburi kubwa ni la mfalme. Hapa sivyo. Karibu kila aliyezikwa alikuwa na mapambo yake, zikiwemo shanga za mawe na za maganda ya mayai ya mbuni, na hakuna dalili kwamba wachache walitukuzwa kuliko wengine.

Waliojenga walikuwa wafugaji wa kwanza wa eneo hili, muda mrefu kabla ya Waturkana kufika. Mvua ilikuwa ikipungua na maji ya ziwa yakirudi nyuma. (Mkazi wa kaunti hii hahitaji kufafanuliwa hilo.) Watafiti wanaona kwamba mahali pamoja pa kuzikia paliwapa watu waliotawanyika na mifugo sababu ya kukutana.

Anayetaka kuzuru Lothagam aende asubuhi, abebe maji ya kutosha, na atafute mwongozaji wa pale pale kupitia kwa chifu. Nguzo za Kalokol ni rahisi kufikia, na hapo ndipo hatari ilipo. Tafadhali usikalie nguzo, usiokote shanga, usisogeze jiwe hata kama limeanguka. Jiwe likihamishwa, mtafiti hawezi tena kujua lilisimamishwa lini wala kwa nini.

Maeneo haya yanalindwa na Sheria ya Makavazi ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006. Ukiona lori likipakia mawe hapo kwa ajili ya ujenzi, mwarifu chifu siku hiyo hiyo.