Ng'ombe Ajipeleka Kukamwa

Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa hana sikukuu. Iwe Jumapili, iwe siku ya arusi ya mwanawe, kiwele kilichojaa hakina budi kukamwa, alfajiri na jioni. Nchini Uholanzi, mashuhuri kwa maziwa na jibini, mzigo huo huziangukia familia zenyewe, kwani ujira wa vibarua ni ghali. Ndipo mwaka 1992 wafugaji wa huko walipoanza kutumia roboti, yaani mashine ikamayo bila mkono wa mtu.

Ng'ombe huvikwa shingoni mkanda wenye kifaa cha kumtambulisha. Huingia kizimbani kwa hiari yake, akivutwa na chakula kitamu kilichomo. Iwapo amekamwa punde, kompyuta humfungulia mlango aende zake. Iwapo zamu yake imewadia, chuchu husafishwa, kisha mkono wa chuma huzitafuta kwa mwali wa leza na kuivika kila moja kikombe cha kufyonza. Chuchu iliyokwisha maziwa huachiwa mapema, isiumie. Maziwa hupimwa papo hapo. Yakionyesha dalili za ugonjwa wa kiwele, hutengwa. Roboti moja huweza kuhudumia ng'ombe wapatao 60, usiku na mchana.

Faida yake nyumbani ni dhahiri. Baba na mama hawalazimiki tena kuamka gizani kila siku, na huweza kula pamoja na watoto kabla hawajakwenda shule. Aidha, ng'ombe wengi hukamwa zaidi ya mara mbili kwa siku, na maziwa huongezeka.

Hata hivyo, nafuu hiyo ina gharama. Bei ya roboti ni kubwa, na wengi huinunua kwa mkopo. Mwenye ng'ombe wachache haimudu. Ng'ombe nao hawawezi kupelekwa malisho ya mbali, maana yawapasa kuwa karibu na kizimba. Tena mashine ikikwama usiku wa manane, humwamsha mwenyewe kwa simu.

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Roboti huliandika daftari hilo kwa uaminifu. Lakini kulisoma kila asubuhi, kisha kwenda bandani kumtazama ng'ombe achechemeaye au aliyekataa kula, kungali ni juu ya mfugaji.