Dakika Moja ya Shira: Biskuti za Pasaka Zisizookwa

Pasaka ya makanisa ya Magharibi huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na katika nyumba nyingi za Marekani oveni siku hiyo ina mwenyewe: paja la nguruwe linalookwa kwa saa kadhaa. Ndiyo maana biskuti za watoto hupikwa juu ya jiko, ndani ya sufuria moja. Mchanganyiko hudondoshwa kwa kijiko juu ya karatasi ya kuokea, ukapoa na kushikana wenyewe.

Mahitaji yake ni sukari vikombe viwili, maziwa nusu kikombe, siagi nusu kikombe, kakao robo kikombe, siagi ya karanga nusu kikombe, oti za kuiva haraka vikombe vitatu, vanila kijiko kimoja cha chai na chumvi kidogo. Sukari, maziwa, siagi na kakao hubandikwa pamoja. Mchanganyiko ukishatokota kwa nguvu, hata mwiko ukikoroga povu halitulii, huhesabiwa dakika moja. Sufuria huepuliwa, kisha vilivyobaki huingia.

Dakika hiyo ndiyo inayoamua kila kitu.

Shira inapotokota hupoteza maji, na kadiri maji yanavyopungua ndivyo joto lake linavyopanda juu ya nyuzi 100. Ikiepuliwa mapema, maji hubaki mengi na biskuti haishikani. Italiwa kwa kijiko. Ikiachwa dakika mbili tatu zaidi, sukari hukaza, biskuti ikawa kavu na kumong'onyoka mkononi. Ulaini unaotafutwa uko katikati, karibu na nyuzi 110, ambapo sukari inapopoa huganda kwa chembe ndogo mno zisizosikika ulimini. Mafuta ya siagi na ya karanga huzizunguka chembe hizo na kuzizuia zisikue. Mpishi wa kashata anaijua kazi hii vizuri, kwa kuwa naye hushindana na shira ileile, ila yeye huipeleka mbele zaidi ili kipande kikatike.

Vipimajoto vya jikoni vina mtego wake. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Anayesubiri nyuzi 110 huko atakuwa amepitiliza. Apunguze kama nyuzi sita. Njia ya zamani haina haja ya hesabu: tone la shira likitiwa katika maji baridi, likakusanyika na kubonyea kati ya vidole, limefika.

Oti nazo zichaguliwe kwa makini. Zile nyembamba zilizokatwakatwa hunywa unyevu wa shira haraka na kulainika. Zile nzima huchelewa, na biskuti hubaki ya kutafuna. Kosa hili huanzia dukani.

Kinachozifanya ziwe za Pasaka ni umbo. Kila tonge hubonyezwa katikati kwa mgongo wa kijiko likawa kiota, kisha huwekwa mayai madogo ya chokoleti. Watoto huwa na haraka hapa, lakini lazima wangoje: chokoleti huanza kuyeyuka chini ya joto la mwili, kwa hiyo kiota kiwe vuguvugu, bado laini, kisichochoma kidole. Mwenye mzio wa karanga atatumia siagi ya mbegu za alizeti kwa kipimo kilekile.

Kwa anayezipika Dar es Salaam au Mombasa, Pasaka mara nyingi hukutana na masika, na sukari huvuta unyevu wa hewa. Ziachwe zipoe kabisa, karibu nusu saa, ndipo zitiwe kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, karatasi ikitenganisha kila tabaka. Zikifunikwa zingali na joto, mvuke utarudi juu yake na kuzifanya zinate.