Msiniulize Tena Nani Ana Mkono Mzuri

Mtu yeyote hapa Machakos mwenye jamaa anayengoja kupasuliwa huniuliza lile lile: daktari gani ana mkono mzuri? Naulizwa stendi, naulizwa baada ya ibada, napigiwa simu kutoka Kathiani na Matuu. Kazi yangu ni kuwalaza wagonjwa usingizi wa dawa, kwa hiyo nakaa upande wa kichwa na kuona kila kinachotendeka thieta. Naomba swali hili life.

Mkono mzuri upo, sikatai. Lakini utafanya nini ikiwa picha ya eksirei imesahaulika wodini, damu ya kuongezwa haijapimwa kama inapatana na ya mgonjwa, na vifaa bado vimo kwenye mtambo wa kuua vijidudu?

Tazama mwisho wa upasuaji wa tumbo. Kabla ya kushona, muuguzi anayempa daktari vifaa na mwenzake huhesabu vitambaa vya shashi kwa sauti. Vilivyoingia ni lazima vitoke. Wamefika kumi na saba, mlango unafunguliwa, mtu anaulizia funguo za stoo. Hesabu imepotea. Ni kama mweka hazina wa chama aliyeitwa katikati ya kuhesabu noti: inabidi aanze upya, na akiona haya kuanza upya, atakisia. Shashi iliyosahauliwa tumboni hutunga usaha, na mgonjwa hurudi kupasuliwa tena, hata kama kila mshono ulikuwa safi.

Wapo wanaosema bingwa hababaishwi na vitu vidogo kama hivyo. Mwaka 2007 watafiti wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha uchunguzi wa operesheni 31 za moyo, kazi ya mabingwa hasa. Kadiri kazi ilivyokatizwa ndivyo makosa yalivyozidi, na kilichoambatana na makosa kuliko vyote ni timu kutowasiliana vizuri.

Tusiende mbali. Mapema 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa alifunguliwa fuvu badala ya mwenzake. Madaktari walitafuta damu iliyoganda wasiione, maana mwenye damu hiyo alikuwa mtu mwingine. Wagonjwa walikuwa wamechanganywa kabla kisu hakijashikwa. Mkono uwe mzuri namna gani, fuvu lile halikupaswa kuguswa.

Dawa yake ni karatasi moja. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya usalama yenye vipengele 19: timu inasimama na kuulizana kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kukata, na kabla mgonjwa hajatolewa. Ilijaribiwa katika hospitali nane, mojawapo ikiwa Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Madaktari walibaki wale wale. Bado ziko timu zinazojaza karatasi hii bila kuisoma kwa sauti, na hilo linaniudhi kuliko swali la mkono.

Sehemu yenu sasa, kwa haraka. Njoo na picha na vipimo vyote vya zamani. Ndugu wachangie damu mapema, kwani lazima ipimwe maradhi kwanza. Futa rangi ya kucha. Fuata saa ulizopewa za kufunga. Kwa kawaida chakula, uji na maziwa hukoma saa 6 kabla, maji matupu saa 2 kabla. Ile chai ya maziwa ya alfajiri "ya kutia nguvu" inaweza kukupalia mapafuni ukiwa usingizini, ndiyo maana tunaahirisha. Usimpigie simu muuguzi aliye thieta. Akiletwa majeruhi wa barabara ya Mombasa au mama anayehitaji kupasuliwa ili ajifungue, utasogezwa, na ni haki.

Ukiulizwa jina lako na mahali unapopasuliwa, hata kwa mara ya nne, jibu kikamilifu. Asipokuuliza mtu yeyote, kataa kulazwa usingizi mpaka waulize.